Kuanzisha koloni la Anopheles maabara kutokana na mbu wa porini

Koloni changa la Anopheles, mbu waenezao malaria, kwa kawaida halifi kwa njaa. Linakufa kwa sababu mbu waliozoea kupandana angani jioni hukataa kufanya hivyo kizimbani. Ukipanga kila kitu ukijua hilo, utafika mbali.

Hatua ya 1: Chumba. Joto nyuzi 27, unyevu asilimia 70 hadi 80, mwanga saa 12 na giza saa 12. Weka milango miwili yenye neti. Taa zififie polepole. Zikizimika ghafla, madume hawapati jioni.

Hatua ya 2: Majike. Wakamate kwa aspireta (mrija wa kufyonzea mbu) asubuhi, wakiwa wameshiba damu na kupumzika kwenye kuta za nyumba. Wasafirishe kwenye vikombe vya karatasi vilivyofunikwa neti, ndani ya boksi lenye kitambaa kibichi. Wengine tayari wana vimelea vya malaria, kwa hiyo asitoroke hata mmoja. Kamata wengi uwezavyo: koloni lililotokana na mama wachache huwa dhaifu tangu mwanzo.

Hatua ya 3: Kutaga. Baada ya siku 2 au 3, mtenge kila jike kwenye kichupa chake chenye pamba iliyoloa na karatasi ya chujio juu yake. Akishataga, mpime kwa PCR (kipimo cha vinasaba) ujue ni spishi gani. An. gambiae na An. arabiensis hawatofautishiki kwa sura hata chini ya darubini, na ukichanganya familia (watoto wa kila mama) kabla ya majibu huwezi tena kuzitenganisha.

Hatua ya 4: Viluwiluwi. Mayai huanguliwa baada ya siku 2 au 3. Zungushia ukingo wa chombo karatasi ya chujio ili yasikwame na kukauka. Trei pana yenye maji ya kina cha sentimita 1 au 2 inatosha viluwiluwi 200 hadi 300. Nyunyiza juu ya maji chakula cha samaki kilichosagwa laini kabisa, kwani hawa hula juu ya maji. Ukiona utando umetanda, umezidisha, watakosa hewa. Okota pupa (hatua ya mwisho kabla ya mbu kamili) kila siku.

Hatua ya 5: Kupandana. Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Dume aliyetoka kwenye pupa leo hawezi kazi. Viungo vyake vya uzazi lazima vigeuke kwanza. Mpe sukari ya asilimia 10, kizimba kikubwa, mwanga hafifu upande mmoja wakati wa machweo, na kipande cheusi sakafuni ambacho madume watakusanyika juu yake. Kisha pasua majike wachache uangalie kifuko cha mbegu. Kikiwa kitupu kwa wengi, damu utakayowapa itapotea bure. Njia ya dharura ni kuwapandanisha kwa mkono: jike aliyelazwa usingizi na dume aliyekatwa kichwa. Inachosha, lakini imeokoa familia nyingi.

Kwa An. funestus, spishi nyingine ya Anopheles, ongeza subira mara mbili. Viluwiluwi wake hukua taratibu, na ndiyo maana koloni zake za maabara, FUMOZ kutoka Msumbiji na FANG kutoka Angola zinathaminiwa sana.

Hatua ya 6: Damu. Majike wa siku 3 hadi 5 waondolee sukari saa kadhaa kabla, kisha walishe gizani kupitia utando uliopashwa hadi nyuzi 37. Kizazi cha kwanza husita; rudia kesho yake.

Koloni likishasimama, rudia PCR mara kwa mara. Jike mmoja aliyepenya kutoka kizimba cha jirani anatosha kulichafua.