Somo: Mazoezi ya bendi yasiyozaa ugomvi

Bendi changa nyingi hapa Mwanza zikivunjika, watu husema tatizo lilikuwa fedha au majivuno. Ukifuatilia, mara nyingi utakuta chuki ilianzia mazoezini, pale wenzake walipokaa muda mrefu wakimsubiri mmoja ajifunze wimbo aliopaswa kuujua kabla hajatoka nyumbani. Anayesubiri huchoka, anayesubiriwa huona aibu, na mwisho wake ni maneno makali. Kujifunza wimbo ni kazi ya kila mtu kwake. Mazoezi ni ya kuunganisha.

Hatua ya kwanza: nyimbo zijulikane mapema. Nyimbo mbili au tatu zinatosha kwa siku moja ya mazoezi. Tumeni rekodi kwenye kundi la WhatsApp siku kadhaa kabla, pamoja na ufunguo (noti ambayo wimbo unajengwa juu yake, kama G au F), mwendo na mpangilio wa beti, kiitikio na sebene, yaani sehemu ya kucheza ambapo gitaa ndilo linaloongoza. Ikiwa mwimbaji hawezi kuufikia ufunguo wa rekodi, aseme siku hiyohiyo, kwa sababu mpiga besi aliyejiandaa kwa G hatafurahi kuambiwa F akiwa tayari ameshika gitaa.

Hatua ya pili: muda. Saa ya kuanza iwe saa ya pigo la kwanza, si saa ya kuanza kufungua nyaya. Muda wa kumaliza nao uheshimiwe, maana anayerudi Kisesa au Buhongwa anafikiria daladala.

Hatua ya tatu: sauti. Hapa naomba tukae kidogo, kwa kuwa kelele ndiyo inayochosha watu na kuwafanya wakali bila wao kujua. Chumba chenye kuta za tofali na paa la bati hurudisha sauti. Mpiga drums akiongeza nguvu, gitaa la solo nalo linapandishwa, besi inafuata, na mwimbaji anabaki kupiga kelele. Anzeni na mwimbaji. Pandisheni maikrofoni mpaka ikaribie kupiga mluzi, ishusheni kidogo, kisha kila mmoja ajipange chini ya sauti hiyo. Amplifaya ya gitaa msiiache sakafuni: inampigia mpigaji miguuni, hajisikii, anaendelea kuipandisha huku ikiwaumiza waliokaa mbali. Iwekeni juu ya kiti, ielekee sikio lake, na mtaona atakavyoipunguza mwenyewe. Wataalamu wa usalama kazini wanashauri sauti ya desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) isizidi saa 8 kwa siku, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo ukatwe nusu; kwa hiyo kwenye desibeli 100 zinabaki dakika 15 tu. Masikio ndiyo mtaji wetu.

Hatua ya nne: tengenezeni palipoharibika. Wimbo ukikatika, msirudi mwanzo. Rudini mapigo machache kabla ya kosa, besi na drums wapite peke yao mpaka wakae sawa, ndipo liongezwe gitaa la ridhimu, la solo, na sauti mwishoni. Anayeongoza ataje mahali badala ya mtu: “Tunaachana tunapotoka kwenye kiitikio kuingia sebene.” Kauli hiyo inawapa wote kazi ya kufanya, wakati “wewe unatuharibia” inampa mmoja sababu ya kununa. Mkibishana, rekodini kwa simu na msikilize pamoja.

Hatua ya tano: fedha. Nauli, mafuta ya jenereta na mgawo wa kila onyesho viandikwe kabla ya kupanda jukwaani.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Igoma: Shikamoo mwalimu. Mpiga solo wetu ni mkubwa kwetu kiumri na hurefusha sebene mpaka wachezaji wanachoka. Tumwambieje?

Jibu: Marahaba. Msimwambie mbele ya wadogo zake. Aende mmoja anayewazidi wengine kwa ukaribu naye, kabla ya siku ya mazoezi, na asiende na lawama. Amwombe mzee apange mwenyewe sebene iwe mizunguko mingapi na atoe ishara gani ya kufunga. Mtu hulinda mpango aliouweka mwenyewe.

Mwanachama, Nansio: Huku umeme ukikatika tunavunja mazoezi na kurudi nyumbani. Kuna njia nyingine?

Jibu: Msiondoke. Viitikio vya sauti tatu hupangwa vizuri zaidi bila spika, kwa kuwa kila mmoja anamsikia mwenzake. Tumba zinatosha kushika mwendo. Kagueni pia ngozi zake, kwani unyevu wa ziwani huzilegeza.

Mwanachama, Mabatini: Nimetunga maneno na sauti, mwenzangu katunga laini ya gitaa inayoubeba wimbo. Wimbo ni wa nani?

Jibu: Kubalianeni sasa, ungali haujatoka. Andikeni mgawo wa kila mmoja kwa asilimia, mtie saini wote wawili, kisha muusajili wimbo katika Ofisi ya Hakimiliki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo karatasi hiyo huenda ikasomwa na wajukuu zenu.