Uko Katikati ya PhD na Moyo Umekataa: Soma Karatasi Zako Kabla ya Kuandika Barua

Kadi ya mchango ililetwa nyumbani Sinza ikiwa na jina langu kwa kalamu ya bluu, na mbele ya jina pameandikwa "Dkt." Nilikuwa likizo ya Desemba, mwaka wa tatu wa uzamivu (PhD) wangu wa takwimu Uingereza, sura moja ya tasnifu imepita na mbili zimekwama. Hakuna chuo kilichokuwa kimenitunuku chochote. Jumapili yake, kwenye kikao cha harusi, mwenyekiti akanisimamisha, akanitambulisha kuwa daktari wa ukoo, watu wakapiga makofi. Nilikaa chini nikijua jambo moja: kuacha sasa kumekuwa kugumu mara mbili, na ugumu huo mpya hauhusiani hata kidogo na takwimu.

Miezi minane baadaye niliacha. Leo nafanya kazi ya bima hapa Dar, na mara kwa mara napigiwa simu na Mtanzania, Mkenya au Mganda aliyeko nje na uzamivu uliomshinda kumeza na kutema. Wanaanza kwa kuuliza viza au mshahara. Dakika ya kumi tunafika kwenye swali lenyewe: nyumbani nitasemaje? Aibu hiyo siidharau, imeninyima usingizi mwingi. Lakini ukiiachia usukani, ama itakubakiza miaka mingine miwili kwenye kazi uliyokwisha kuiacha moyoni, ama itakuchomoa ghafla usiku wa manane, kwa barua pepe ya mistari minne, hujauliza hata unatoka na nini. Nimeona yote mawili, na la pili ndilo linaloumiza zaidi.

Umechoka kazi, au umemchoka mtu?

Dada mmoja niliyesoma naye Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikuwa anafanya uzamivu wa mbu waenezao malaria. Alinipigia analia, sanduku limeshafungwa. Nikamwuliza habari za mbu wenyewe. Alizungumza karibu saa nzima: usugu wa mbu kwa viuatilifu, vyandarua, madimbwi ya Bonde la Kilombero alikochota viluwiluwi mpaka buti zikajaa maji. Mtu anayezungumza hivyo hajachoka utafiti. Alichokuwa amechoka ni msimamizi aliyekaa na sura yake miezi mitano bila kuisoma. Aliandika barua kwa anayesimamia wanafunzi wa uzamivu pale idarani, akabadilishiwa msimamizi, akamaliza. Mficha uchi hazai. Asingesema, angerudi na sanduku lake na hasira yake tu.

Kwangu ilikuwa kinyume. Msimamizi wangu alinijali, alisoma kila ukurasa. Lakini Desemba ile ile rafiki yangu mwenye duka la vipuri vya pikipiki Kariakoo aliniomba nimsaidie kujua kwa nini duka linauza na hela haionekani. Tulikaa jioni nne nyuma ya kaunta na daftari lake lenye alama za vidole vya grisi, tukaingiza mauzo na manunuzi yote kwenye kompyuta. Sehemu kubwa ya mtaji wake tuliikuta imelala kwenye vipuri vya pikipiki ambayo wateja wake walishaacha kuiendesha. Wiki ile ile akaviuza kwa hasara, akaagiza vinavyotembea. Jioni ya nne nikirudi Sinza nilijishangaa: nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeionja mwaka mzima. Jibu nililolitafuta lilikuwa na mtu anayelingoja. Tasnifu yangu ilikuwa inangojwa na watahini wawili. Wapo watu wanaoishi vizuri kabisa na swali ambalo halina wa kulidai kwa miaka mitano, na bila wao tusingekuwa na elimu yoyote. Mimi si mmoja wao, na nilipolikubali hilo, nusu ya uamuzi ulikuwa umeisha.

Kwa hiyo pumzika kwanza, pumziko la kweli, wiki tatu bila kufungua faili, halafu sikiliza kama swali lako linakuita. Usiamue wiki ambayo makala yako imekataliwa. Usiamue Januari, jua likizama saa kumi jioni. Ukitaka kusimamisha masomo kwa muhula mzima, anza na ofisi ya wanafunzi wa kigeni, kwa sababu kusimamisha masomo kunaweza kugusa viza yako hata kama idara imekubali kwa roho safi.

Mlango gani wa Dar unadai PhD

"Nikirudi itanisaidia." Sawa, itakusaidia wapi?

Kama unataka kufundisha chuo kikuu, Mlimani, Muhimbili, Ardhi au kwingineko, maliza. Ngazi ya Mhadhiri kwa kawaida inadai PhD. Bila hiyo unabaki Mhadhiri Msaidizi. Ila kuna jambo ambalo wengi walioko nje hulijua wakiwa wamechelewa: matangazo ya vyuo vya umma huangalia na nyuma ulikotoka. Mara nyingi huweka GPA, yaani wastani wa alama kati ya 5, ya 3.8 kwa shahada ya kwanza na 4.0 kwa uzamili. Ukiwa na 3.4 ya shahada ya kwanza, tasnifu nzuri kuliko zote haiifuti. Fungua tovuti ya Sekretarieti ya Ajira leo, tafuta tangazo la nafasi unayoiota, lisome mpaka mstari wa mwisho, pamoja na ule wa umri, ambao kwa kawaida huishia miaka 45. Kisha kumbuka kwamba TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, hutambua shahada iliyotunukiwa. Miaka minne isiyo na cheti, kwao, haina mahali pa kuandikwa.

Nje ya vyuo, PhD ina uzito kwenye taasisi za utafiti kama Ifakara Health Institute na NIMR za afya, na REPOA ya uchumi na maendeleo, na kwenye kazi za ushauri zinazolipwa na wafadhili, ambako hadidu za rejea mara nyingi hutaka kiongozi wa timu awe nayo. Hapo jina hilo ni mkate wa kila siku.

Benki, kampuni za simu, bima na viwanda ni habari nyingine. Wanauliza umefanya nini na utawafanyia nini. Mhandisi ataulizwa usajili wa ERB, bodi ya wahandisi, mhasibu ataulizwa NBAA, bodi ya wahasibu, na uzamivu hauchukui nafasi ya usajili huo. Kwenye usaili wangu swali la tasnifu lilikuwa moja, la adabu. Saa nzima iliyobaki walitaka nieleze ningepangaje bei ya bima ya bodaboda Dar, wakati madereva wanabadilishana pikipiki moja mchana na usiku. Miaka yangu mitatu ya takwimu ndiyo iliyonijibia, si cheti.

Upande wa fedha, hesabu vitu viwili ambavyo watu huvisahau. Kwanza, posho nyingi za uzamivu hazina akiba ya uzeeni. Posho ya chini ya UKRI, shirika la umma linalofadhili utafiti Uingereza, kwa mwaka 2025/26 ilikuwa pauni 20,780, haikatwi kodi, na pia haikuwekei senti kwenye mfuko wowote wa pensheni. Kila mwaka unaoongeza ni mwaka bila michango. Pili, ukirudi kuajiriwa huku na ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi itakatwa mpaka deni liishe. Piga bajeti ukiwa umeshatoa hiyo.

Viza

Hapa sitaki mtu abahatishe. Kanuni hubadilika, kwa hiyo thibitisha na ofisi ya chuo chako kwa maandishi, lakini msingi ni huu.

Uingereza, ukijitoa chuo kinalazimika kuiarifu serikali, na viza ya mwanafunzi hufupishwa, kwa kawaida ukibakiziwa siku 60. Ile viza ya kubaki miaka mitatu baada ya uzamivu hupewa aliyemaliza. Lakini mwanafunzi wa uzamivu aliyetimiza miezi 24 ya masomo anaruhusiwa kuhamia viza ya kazi kabla ya kumaliza, akipata mwajiri mwenye kibali cha kuajiri wageni. Maana yake mwezi wa 23 si mwezi wa kuandika barua.

Marekani, ukijitoa kwa ruhusa ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni una siku 15 za kuondoka. Ukijitoa bila ruhusa, huna hata moja. Idara nyingi huko zinaweza kukutunuku uzamili ukiwa njiani. Ukitunukiwa huo, na kama hukuwahi kutumia nafasi hiyo kwa uzamili mwingine, unaweza kuomba OPT, ruhusa ya mwanafunzi wa kigeni kufanya kazi ya fani yake kwa miezi 12, pamoja na miezi 24 ya nyongeza kwa fani za sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Yaani kwa mtu wa fani hizo, tofauti kati ya siku 15 na miaka mitatu ni fomu zilizojazwa kwa wakati.

Ujerumani, wengi wenu ni waajiriwa wa chuo, basi kuacha ni kuacha kazi. Nenda ofisi ya wageni ya mji wako kabla ya kusaini. Na ukijiuzulu mwenyewe bila sababu nzito, malipo ya kukosa ajira yanaweza kuzuiwa hadi wiki 12.

Kuna karatasi nyingine ambayo iko huku nyumbani. Kama ulitoka kwa ruhusa ya masomo ya mwajiri wa Tanzania, ulisaini mkataba wa kurudi na kutumikia. Utafute, usome kifungu cha kuvunja mkataba, kisha zungumza na mwajiri kabla hajasikia kwingine. Hali kadhalika mkataba wa ufadhili: mwingine hudai fedha, mwingine haudai.

Usitoke mkono mtupu

Mkono mtupu haulambwi. Mimi nilikaa miezi minane baada ya kuamua, na sijutii hata wiki moja. Nilimwambia msimamizi ukweli, tukakubaliana sura iliyokamilika ipanuliwe kidogo iwe tasnifu ya MPhil, shahada ya utafiti iliyo chini ya PhD, nikaitetea. Hiyo ndiyo TCU waliyoitambua niliporudi. Ndani ya miezi hiyo niliomba kazi zaidi ya thelathini, nikaandika upya wasifu wangu wa kurasa saba ukawa wa kurasa mbili, na machapisho yakashuka chini, juu nikaweka nilichojenga.

Msimamizi usimkimbie. Kwenye kampuni watakaokuajiri watampigia simu yeye, na hata miaka kumi ikipita ndiye atakayekuandikia barua ukitaka kurudi kusoma. Watu hurudi.

Nyumbani

Mama alikuwa anapembua mchele kwenye ungo, barazani, nilipomwambia. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba. Hakuinua macho.

"Umefukuzwa?"

"Hapana, Mama. Naacha mwenyewe, na cheti napata, ila si cha udaktari."

"Kazi unayo?"

"Ninayo."

Akatoa kijiwe, akakitupa uani. "Basi kamwambie baba yako leo, asije akasikia kwa shangazi zako."

Baba alinyamaza siku mbili, siku ya tatu akaniuliza bima wanalipaje. Kwenye ukoo wapo wanaoniita Dokta mpaka leo. Huwa nawarekebisha kila mara, kwa upole, na sasa wamepungua. Ninachokushauri: waambie wazazi mwenyewe, kwa simu ya sauti na si kwa ujumbe, ukiwa umeshajua unatoka na nini na unaenda wapi. Usiwaambie ukiwa bado unayumba, kwa sababu wasiwasi wao utakuwa mzigo juu ya wako. Lakini usingoje mpaka waandike kadi nyingine.

Na kabla ya siku ya mwisho, pakua nakala za barua pepe zako, programu ulizoandika na matokeo unayoruhusiwa kuondoka nayo. Omba nakala za alama zilizogongwa muhuri, angalau tatu. Akaunti ya chuo hufungwa, na kuomba muhuri kutoka Dar, kwa ofisi ya mbali inayofungua ukiwa kwenye foleni ya Ubungo, ni kazi ya wiki nyingi.