Jinsi ya kulinganisha mausi za gemu zisizo na waya kabla hujalipa

Namba kubwa kuliko zote kwenye boksi la mausi ya gemu ni DPI, yaani nukta ambazo mausi huhesabu kwa kila inchi unayoisogeza: 12,000, 16,000, 26,000. Ingia duka la vifaa vya kompyuta Kariakoo, ndiyo utakayosomewa kwanza. Mimi nakushauri uitazame karibu na mwisho. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Sinza, Dar es Salaam, na mausi zinazofika mezani kwangu huwa zimekufa swichi, zimevimba betri, zimenata raba ya pembeni au zimepoteza risiva, kile kijiti cha USB kinachopokea mawimbi ya mausi. Sijawahi kuletewa mausi kwa sababu DPI yake ni ndogo. Kwa hiyo nimezipanga hatua hizi kwa kufuata mambo yatakayokusumbua au kukusaidia ukiwa unacheza, katika jiji lenye joto, jasho na hewa ya chumvi.

Kabla hujatoka nyumbani

Weka kwenye begi laptop, rula, kipande cha padi ya mausi na CD moja ya zamani. Padi usiisahau. Kaunta nyingi za madukani ni za kioo, na sensa ya mausi hufanya kazi kwa kupiga picha maelfu kila sekunde za uso ulio chini yake. Kioo kisafi hakina alama za kupiga picha, kwa hiyo sensa nyingi hupotea. Kishale kikirukaruka juu ya kaunta, usiilaumu mausi. Itandikie padi kwanza.

Hatua ya 1: Anza na mkono

Nyoosha kiganja, pima kutoka ncha ya kidole cha kati hadi kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Wachezaji wengi huanza na kanuni ya asilimia 60: mkono wa sentimita 19 unaelekea kwenye mausi ya milimita 114 hivi. Ni ya kuanzia tu, kwa sababu namna unavyoshika hubadilisha hesabu. Kuna anayelaza kiganja chote juu ya mausi, kuna anayekunja vidole huku kisigino cha kiganja kikigusa nyuma, na kuna anayeshika kwa ncha za vidole tu. Anayelaza kiganja anahitaji mausi ndefu yenye mgongo. Razer DeathAdder V3 Pro, kwa mfano, ina urefu wa milimita 128 na kimo cha milimita 44. Anayeshika kwa ncha ataiona kubwa mno. Huyo apewe kitu cha aina ya Logitech G305, yenye urefu wa milimita 116.6 na kimo cha 38.2.

Usikubali kuchagua ikiwa ndani ya boksi.

"Bosi, hii ina DPI elfu kumi na mbili, kiboko."
"Sawa kaka, nifungulie kwanza niishike."

Muuzaji mzuri hatakataa. Na ukishuka mwendokasi pale Msimbazi ukatembea juani hadi dukani, mkono utakuwa na jasho, hali nzuri kabisa ya kujaribia. Ibane mausi kwa kidole gumba na kidole cha pete, inyanyue, ishushe, rudia mara kadhaa kwa haraka. Ikikuteleza hapo, itakuteleza katikati ya raundi.

Uzito nao utausikia hapohapo. G502 Lightspeed ina gramu 114, Viper V2 Pro ina 58. Mchezaji wa Counter-Strike, gemu ya kulenga shabaha, anayetumia DPI ndogo hunyanyua mausi kila anapogeuka, kwa hiyo gramu hamsini na kitu atazisikia bega likichoka. Anayecheza gemu za mikakati akiwa ametulia anaweza kuifurahia ile nzito yenye vitufe vingi, wala hajakosea.

Hatua ya 2: Inaunganishwaje?

Hapa ndipo pesa inapotofautisha mausi. Kuna zinazotumia Bluetooth peke yake, kuna zinazotumia risiva ya USB ya masafa ya GHz 2.4, na kuna zenye vyote viwili. Kwa gemu za kulenga shabaha, chukua yenye risiva. Bluetooth kwa kawaida hupeleka taarifa karibu mara 125 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 8, na huchelewa zaidi mawimbi yakisongamana. Risiva ya mausi nzuri hupeleka mara 1,000, yaani kila milisekunde 1. Bluetooth ibaki kwa kazi za ofisini, ambako inasaidia kutunza betri na tundu la USB.

Sasa jambo ambalo huwa halielezwi dukani. Masafa hayo ya GHz 2.4 ndiyo yanayotumiwa na Wi-Fi nyingi, na nyumba zetu za kupanga zimebanana, kila mlango na ruta yake. Zaidi ya hapo, matundu ya USB 3.0, ambayo mara nyingi ni yale ya bluu, yakiwa na kazi hutoa kelele ya mawimbi katika masafa hayohayo. Intel waliandika kuhusu tatizo hili mwaka 2012. Ukichomeka risiva nyuma ya kompyuta ya mezani, pembeni ya diski ya nje inayonakili mafaili, kishale kinaweza kukwama kwama, na wewe utadhani umeuziwa mausi mbovu.

Dawa ni rahisi: waya wa kurefusha USB unaoileta risiva juu ya meza, sentimita 20 au 30 kutoka kwenye mausi. Mausi nyingine huja na waya huo ndani ya boksi. Unapolinganisha mbili zinazokaribiana bei, yenye waya huo ina alama moja zaidi kwangu.

Hatua ya 3: Kasi ya kuripoti, na skrini uliyonayo

Siku hizi utaona mausi zinazopeleka taarifa mara 4,000 na hata 8,000 kwa sekunde. Piga hesabu kabla ya kuongeza pesa. Kutoka 125 kwenda 1,000 unaokoa milisekunde 7. Kutoka 1,000 kwenda 8,000 unaokoa chini ya milisekunde 1. Skrini ya Hz 60 hubadilisha picha kila milisekunde 16.7, ya Hz 144, kila milisekunde 6.9. Mwenye skrini ya Hz 60 akilipia 8,000 analipia kitu ambacho jicho lake halitaonyeshwa. Tena kasi hiyo hula betri na kuipa prosesa kazi ya ziada, na kwenye kompyuta dhaifu gemu yenyewe inaweza kuanza kukwama. Elfu moja inatosha. Pesa inayobaki iende kwenye skrini.

Na usinunue mausi ukitegemea itatibu ping, yaani ucheleweshaji wa mtandao. Ukicheza na seva iliyoko Johannesburg, safari ya data kwenda na kurudi ni shughuli ya mtandao wako.

Hatua ya 4: Swichi

Nakuomba usiipite hatua hii haraka, maana swichi ndiyo huua mausi nyingi ninazozifungua.

Chini ya kitufe cha kushoto kuna kijiboksi kidogo cha plastiki, na ndani yake kuna ulimi mwembamba wa shaba. Ukibofya, ulimi unashuka na kugusa ncha ya chuma, umeme unapita, kompyuta inahesabu bofyo moja. Ulimi ukianza kuchakaa, au ncha ikipata utando wa kutu, mguso unadunda: unagusa, unaachia, unagusa tena. Kompyuta inahesabu mawili. Umeshikilia faili kulivuta, linadondoka njiani. Umelenga kufyatua risasi moja, zinatoka mbili. Kwa wanaoishi karibu na bahari, Mbezi Beach au Kigamboni, hewa ya chumvi huharakisha kutu. Boksi likisema mabofyo milioni 50, kumbuka ni hesabu ya maabara, si ya chumba kinachofunguliwa madirisha kuelekea baharini.

Swichi za mwanga hufanya kazi kwa miale ya infraredi badala ya chuma kugusana. Hazina ncha za kupata kutu kwa namna ile, hivyo ugonjwa wa kubofya mara mbili huwa hazina. Mausi mbili zikilingana kwa kila kitu na moja ikawa na swichi za mwanga, mimi naichukua hiyo. Kubofya kwake huweza kuwa na mlio na ugumu tofauti kidogo, ndiyo maana nasema ishike kwanza.

Jaribu hivi dukani: weka folda kwenye skrini, bofya moja moja polepole, mara thelathini hivi. Folda ikifunguka yenyewe, rudisha. Kisha shika faili na ulizungushe skrini nzima bila kuachia. Fanya vivyo hivyo kwa kitufe cha kulia. Gurudumu nalo lizungushe polepole kwenda chini. Ukurasa ukipanda hata mara moja, gurudumu hilo lina kasoro.

Hatua ya 5: Betri

Kuna njia mbili. Betri ya ndani ya kuchaji hupunguza uzito na inakuondolea gharama ya kununua betri, ila huzeeka, na joto huizeesha mapema. Usiiache mausi kwenye gari lililoegeshwa juani. Tazama tundu la kuchajia: liwe USB-C, ili waya wa simu utoshe, na ujaribu kama unaweza kucheza huku inachaji.

Njia ya pili ni betri ya AA. G305 inatumia moja, na Logitech wanaipa hadi saa 250. AA inauzwa kila duka la mtaani, umeme uwepo usiwepo, na ikiisha unabadilisha kwa sekunde chache. Kasoro yake ni uzito: AA ya kawaida ina gramu 23 hivi. Wapo wanaoweka AAA ndani ya adapta ya plastiki, wakapunguza gramu kumi hivi. Kwa mwanafunzi wa hosteli mwenye laptop, njia hii naipenda sana.

Hatua ya 6: Sensa, na sasa ile DPI

Wachezaji wengi wa gemu za kulenga hubaki kati ya 400 na 1,600. Kwa hiyo kinachotafutwa ni sensa isiyopotea ukivuta kwa nguvu. Uliza jina la sensa: Hero ya Logitech, Focus ya Razer, PixArt PAW3370 au PAW3395 ni majina ya kuaminika. Boksi likiandika DPI kubwa lakini jina la sensa lisipatikane popote, mara nyingi namba hiyo imekuzwa na programu tu.

Fungua programu ya kuchora, chora miduara na mistari ya mshazari kwa kasi tofauti. Mshazari ukijinyoosha wenyewe kuliko mkono wako ulivyokwenda, mausi inakusahihisha bila ruhusa. Kisha weka mausi juu ya CD iliyolala kwenye padi, jicho la sensa likining'inia juu ya tundu la katikati. CD ina unene wa milimita 1.2. Kishale kikitulia kwenye kimo hicho, hakitayumba sana unaponyanyua mausi. Kumbuka pia kuzima kwenye mipangilio ya Windows kile kipengele cha kuongeza usahihi wa kishale, maana hubadilisha mwendo kulingana na kasi ya mkono.

Hatua ya 7: Yaliyobaki

Raba laini za pembeni hushika vizuri zikiwa mpya. Kwa jasho na joto hulainika na kunata. Plastiki yenye mikwaruzo midogo hudumu zaidi. Maganda yenye matundu hupunguza uzito lakini hukaribisha vumbi. Miguu ya chini iwe ya PTFE, plastiki inayoteleza vizuri. Taa za rangi hula betri, zizime.

Kama unacheza kwenye kumbi za gemu, mausi iwe na kumbukumbu yake ya ndani ya kutunza mipangilio yako, maana hutaruhusiwa kupakua programu kwenye kompyuta ya watu. Ipange nyumbani, uende nayo ikiwa tayari.

Hatua ya 8: Kulipa

Jina likiwa kubwa na bei ikiwa ya kutupa, chomeka risiva na ufungue programu rasmi ya mtengenezaji. Ikishindwa kuitambua mausi, usiinunue. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na uulize siku za kurudisha kabla ya kutoa hela, kwa sababu kasoro ya swichi inaweza kuchelewa kuonekana. Geuza mausi uone kama ina pa kuhifadhia risiva, na umuulize muuzaji kama risiva ya akiba inapatikana. Za bei nafuu mara nyingi hazina, na ikipotea unanunua mausi nyingine.