Una kijana anayefanya kazi chini ya Ol Doinyo Lengai? Mwambie haya

Ndugu zangu wa Tanga, maji moto ya Amboni yananuka kiberiti tangu enzi za babu zetu, wala hatuna volkano hapa. Msiogopeshane kwamba harufu hiyo ni dalili ya mlipuko. Ila ukiwa na mtoto aliyekwenda kutafuta maisha Engaresero, kijiji kilicho chini ya volkano ya Ol Doinyo Lengai, mpigie simu.

Mwaka 2007 mlipuko wa mlima ule ulitanguliwa na matetemeko ya Julai yaliyosikika hadi Nairobi. Septemba ukaanza kurusha majivu, ukaendelea mpaka 2008. Kwa hiyo ardhi ikitikisika siku baada ya siku, asingoje kuona moto. Moshi mweupe ukigeuka wa kijivu kizito, nyufa mpya zikitokea, au chemchemi ikibadilika joto, amwambie mwenyekiti wa kijiji siku hiyohiyo.

Majivu yakianza kudondoka, ajifunge kitambaa kibichi puani na mdomoni, afunike maji ya kunywa, ya mifugo pia, kisha aondoke kwa kuukatiza upepo kwa upande, si kuufuata.

Na asilale bondeni, tafadhali. Hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini ni nzito, hutuama chini, na haina harufu. Hiyo ndiyo ninayoihofia kuliko zote.