Kununua na Kujenga Karibu na Mto Dar es Salaam: Anza na Mita 60

Anayetaka kununua kiwanja karibu na Mto Msimbazi, Mbezi, Tegeta au Mpiji anapaswa kuulizia umbali kabla ya kuulizia bei. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa bahari shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi ya maeneo hayo. Nayo Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, katika kifungu cha 7, inaitaja ardhi iliyo ndani ya umbali huohuo miongoni mwa ardhi inayoweza kutangazwa kuwa hatarishi.

Nenda kiwanjani na mtu wa pili na futi ndefu ya mafundi. Usianze kupima pale maji yanapopita, kwa sababu mito hii wakati wa kiangazi huwa kijito cha kurukwa kwa hatua mbili, na mvua zikikolea hujaza bonde zima. Anzia juu, mahali ambapo ardhi tambarare inakatika kuelekea mtoni. Ukipata mita 62 usikimbilie kutoa malipo ya awali: kingo za mchanga humomonyoka, hasa panapochimbwa mchanga, na mita mbili zinaweza kuondoka katika msimu mmoja. Kwa maoni yangu, umbali wa aina hiyo ni sawa na kutokuwa na umbali.

Kisha waulize wenyeji, tena wasio na faida katika biashara hiyo, maji ya mafuriko ya Desemba 2011 yalifika wapi. (Yalikuja wakati wa vuli, kwa hiyo anayekuambia kwamba tatizo ni la masika tu hajasema yote.) Tazama pia kuta za nyumba za jirani: mstari wa tope uliobaki chini ya dirisha husema zaidi ya dalali.

Baada ya hapo nenda ofisi ya mipango miji ya halmashauri, uombe kuonyeshwa ramani iliyoidhinishwa ya eneo hilo, ulinganishe namba ya kiwanja na bikoni (alama za mipaka) ulizoziona kiwanjani, na uhakikishe kuwa mahali hapo pametengwa kwa makazi, si kama eneo la wazi au la hifadhi ya mto. Mhuri wa serikali ya mtaa kwenye mkataba wa mauziano unathibitisha kuwa watu fulani waliuziana mbele ya mashahidi. Hauhalalishi ujenzi bondeni. Wengi hukwama hapa, kwa kuwa mkataba wenye mhuri mwekundu unafanana sana na haki.

Chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, idhini ya halmashauri hutangulia uendelezaji. Peleka michoro na uthibitisho wa umiliki, usubiri kibali mkononi, ndipo uchimbe msingi. Usikubali fundi akuambie kwamba kibali kitafuata nyumba ikifika kwenye lenta.

Kumwaga kifusi ili kuinua kiwanja hakupunguzi masharti ya mita 60, na maji yanayozuiwa kwako huenda kwa jirani. Kazi yoyote inayogusa mkondo wenyewe iulizwe kwanza katika Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu.

Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa katika bonde la Msimbazi, uliza jambo moja zaidi. Mradi wa kuendeleza bonde hilo, unaofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, umehusisha kuthamini nyumba na kulipa fidia ili wakazi wahame. Kabla ya kutia saini, iulize halmashauri kama nyumba hiyo imo katika daftari la uthamini, na kama muuzaji amekwisha kulipwa.