Jinsi ya Kuandaa Chumba cha Mazoezi ya Nyumbani kwa Mbwa wa Kituoni

Chumba cha mazoezi ya nyumbani ni chumba kilichopangwa kama nyumba, ambamo mbwa wa kituo cha kuhifadhi mbwa huzoea maisha ya nyumbani kabla ya kuchukuliwa na mwenyeji mpya. Picha za vituo vya Ulaya na Marekani huonyesha vyumba hivyo vikiwa na makochi na mazulia, kwa sababu huko mbwa hulala ndani na wenyeji wake. Hapa Iringa, wengi wanaochukua mbwa kituoni kwetu humweka uani. Kwa hiyo nyumba tunayopaswa kuiiga ni ile yenye baraza, ndoo, fagio na wageni wanaobisha hodi.

Hatua ya kwanza: chagua chumba kilicho mbali na mabanda, chenye mlango wa kutokea uani. Kelele za mbwa wengi katika mabanda ya saruji zaweza kupita desibeli 100, na mbwa aliyetoka humo huhitaji kwanza utulivu.

Hatua ya pili: andaa malazi. Juni na Julai baridi ya nyanda za juu huuma, basi tengeneza kichanja cha mbao kilichoinuka kidogo kutoka sakafuni, ukitandike blanketi kuukuu linalofulika. Epuka magodoro ya sponji, kwani virusi vya parvo, ugonjwa hatari wa kuharisha mbwa, hudumu miezi mingi na sponji haitakasiki. Mbwa mgeni asiingie kabla ya kumaliza siku 14 za karantini na kupata chanjo.

Hatua ya tatu ndiyo yenye kazi. Weka kigoda, sufuria, kanga iliyoanikwa na fagio, ambalo mbwa wengi wa mitaani hulijua kama silaha tu. Lilaze chini, tupia karibu yake dagaa wa Nyasa wasio na chumvi, kisha umwache mbwa alisogelee mwenyewe. Akishazoea, mwenzako aanze kufagia pembe ya mbali, akikaribia kidogo kila siku. Jiko la mkaa liwepo, lakini lisiwashwe kamwe ndani, kwa kuwa gesi yake ya sumu huua watu na mbwa vilevile.

Fanyeni pia zoezi la hodi: mmoja abishe mlangoni, mwingine amwite mbwa anyamaze. Wapo wanaohofu kwamba mbwa atapoteza ulinzi. Mimi naona mbwa anayebweka mgeni akibisha, kisha akanyamaza mwenyeji akimwita, ndiye mlinzi anayefaa.

Hatua ya nne: mwingize mbwa mmoja kwa dakika 30 hivi, mhudumu akiwa ameketi kimya. Redio iwe ya sauti ya chini. Watafiti wa Belfast walieleza mwaka 2002 kwamba mbwa wa vituoni walitulia zaidi kwa muziki wa klasiki kuliko kwa muziki mzito wa roki. Mbwa akipiga miayo mfululizo, akilamba midomo au akifyata mkia, hizo ni dalili za hofu; mfungulie mlango wa uani bila kumsemesha.

Hatua ya tano: andika katika daftari alichokiogopa na kilichomtuliza. Anayemchukua asomewe ukurasa huo kabla hajamfunga mbwa kamba ya kuondoka naye.