SOMO: Jinsi wananchi wa California wanavyobadili katiba ya jimbo lao

Katiba ya Marekani nzima haibadilishwi kwa kura ya wananchi wote, na imerekebishwa mara 27 tu. Katiba za majimbo ni habari nyingine. Tuchukue California, ambako njia ya wananchi wenyewe kuleta hoja ya kubadili katiba na kuipigia kura ipo tangu 1911.

Hatua ya 1: Andika kifungu chako neno kwa neno, ukipeleke kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo pamoja na dola 2,000. Kichwa na muhtasari ataandika yeye. Usidharau hapo, mpiga kura mwenye haraka atasoma huo muhtasari tu.

Hatua ya 2: Saini. Hapa ndipo mfuko unapotoboka. Zinatakiwa asilimia 8 ya kura zilizopigwa katika uchaguzi wa gavana uliopita. Kwa hesabu ya 2022 ni saini 874,641, na una siku 180. Kwa hiyo wenye hoja huajiri vijana wa kusimama nje ya maduka na karatasi, wengi wakilipwa kwa kila saini. Kusanya na za akiba, maana kwenye uhakiki nyingi hutupwa: huyu hakujiandikisha kupiga kura, yule kasaini mara mbili.

Hatua ya 3: Kura. Iliyozidi nusu imepita, kwisha. Ndivyo Proposition 13 (yaani hoja ya kura namba 13) ya 1978 ilivyofunga kodi ya majengo na viwanja kwenye asilimia 1 ya thamani yake. Bunge haliwezi kukifuta kifungu hicho bila kurudi kwa wananchi.

MASWALI

– Mwalimu, ina maana nusu na kidogo wanaweza kuninyang'anya haki yangu?
Walishajaribu. Proposition 8 ya 2008 ilizuia ndoa za jinsia moja kwa asilimia 52. Mahakama ya shirikisho ikaitengua, kwa kuwa katiba ya jimbo iko chini ya ile kubwa. Maneno yenyewe yalifutwa kwa kura ya 2024.

– Majimbo yote ni hivyo?
Hapana. Delaware wananchi hawaulizwi kabisa. Florida inataka asilimia 60, na kichekesho ni kwamba sharti hilo lilipitishwa 2006 kwa kura zisizofika 60! Mwaka 2024 hoja ya kulinda haki ya utoaji mimba ilipata 57, ikaanguka.

– Si ndiyo BBI yetu hii ya Kenya, ule mpango wa kubadili katiba, ndugu?
Mlango unafanana: Kenya ni saini milioni 1. Ila hoja zenu hupitia kwanza mabunge ya kaunti, angalau 24 kati ya 47. Na Mahakama ya Juu ilisema 2022 kwamba Rais hawezi kuanzisha mabadiliko kwa kupitia mlango huo.